Mapigo Matatu ya Mchi

Du. Du. Du. Mti juu ya mbao, na chini ya mbao utupu. Sauti ile sijaisikia tena popote, ingawa naitafuta bila kutaka: mlango ukigongwa, jirani akitwanga, magunia yakitupwa chini kwenye depo huku Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, ninakofanya kazi sasa. Gunia likianguka, wenzangu huangalia kama limepasuka. Mimi huangalia mlangoni. Wananicheka: "We, unangoja nani?" Nami nacheka nao, maana mimi ni mtu wa kucheka, hilo linajulikana. Lakini nakuwa nimekwisha kuangalia.

Mchi ulikuwa wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, wa kawaida kabisa, umelainika katikati kwa viganja vya watu. Ulisimama kwenye pembe ya darasa letu Kanyosha, shule ndogo ya watoto wasiosikia. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu, na fahari yake ilikuwa sakafu. Kanyosha sakafu zote ni saruji au udongo. Yetu ilikuwa mbao. Baba wa mtoto mmoja, seremala, alizitoa kwenye makasha ya mashine, akaziinua juu ya saruji kwa vigingi vifupi, ili mtu akigonga upande huu mtikisiko ufike upande ule. Mtoto asiyesikia husikia kwa miguu. Ndiyo maana viatu vyote vilibaki mlangoni, hata vya walimu.

Mimi niliingia pale kupika uji. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, mtihani ukanishinda, na vita havikuacha mtu wa kunilipia mwaka mwingine. Ndoto yangu ilikuwa kuwa mtangazaji wa redio. Naona unacheka. Msichana anayetaka kusema redioni, Mungu anampeleka kwa watoto wasiosikia! Lakini niliwatangazia hivyo hivyo, kila siku, huku nakoroga: "Wapendwa wasikilizaji, uji wa leo una sukari kidogo, tunawaomba radhi." Wao walinitazama midomo yangu isiyopumzika, wakanipa jina la mikono. Walifungua na kufumba vidole mbele ya kinywa, kama mdomo wa kuku anayedonoa. Hilo ndilo lilikuwa jina langu. Mdomo.

Walimu walikuwa wawili, na siku waliigawana. Mwalimu wa asubuhi alikuwa mwanamume wa kanisani, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hata siku ambazo mji mzima ulikuwa umejifungia. Alifundishwa na masista namna ya kumtoa kiziwi sauti: unaweka kiganja cha mtoto kwenye koo lako, asikie linavyotetemeka, kisha unakiweka kwenye koo lake mwenyewe, naye anatafuta. Katika saa zake mikono ilikaa juu ya meza, imetulia. "Dunia haitajifunza vidole vyenu," aliwaambia polepole, ili wamsome midomo. "Nyinyi ndio mtajifunza midomo yake."

Mwalimu wa mchana alikuwa mama wa Kiislamu, wa familia ya zamani pale mjini. Alifundisha miaka mingi shule ya kawaida, na madrasa pia. Mdogo wake alizaliwa hasikii, akawa fundi wa magari, na mikono ya ndugu huyo ndiyo iliyoifundisha mikono yake. Kwake yeye, kumwambia mtoto kiziwi atulize mikono ni sawa na kumziba kinywa. Baada ya uji, mikono ilifunguliwa, na darasa likawa kama mti uliotuliwa na ndege wengi kwa wakati mmoja.

Waliheshimiana kama majirani wanaotenganishwa na ua. Walipishana pale kwenye viatu, mmoja akivaa, mwingine akivua.

"Madamu, nimekuachia watoto wametulia."

"Asante, Bwana Direkta. Sasa mi nitawaamusha."

Hakuwa direkta, mkuu wa shule. Hatukuwa na direkta. Ndiyo maana neno lile lilimchoma kila siku, na ndiyo maana yule mama hakuliacha.

Kitu kimoja tu walikubaliana toka mwanzo: mchi. Watoto wasingeweza kuwa na alama mbili za kuitwa, ya asubuhi na ya mchana. Kwa hiyo mapigo mawili kwenye mbao: niangalieni. Mapigo matatu: simameni, chukueni vikombe, tokeni nje mpange mstari, uji tayari. Wale watu wawili waliobishana juu ya kila kitu, juu ya hili hawakubishana hata siku moja. Na hili ndilo lililokaribia kutumaliza.

Risasi tulizizoea. Zilikuja kutoka milimani juu ya Kanyosha, zikanyamaza, zikarudi. Watoto wetu hazikuwasumbua. Mara nyingine nilikuwa nimejificha nyuma ya kuni, nao ndani wanaendelea kuandika. Lakini siku moja, bado asubuhi, sufuria ikiwa jikoni uani, lilianguka kombora upande wa mtoni. Halafu la pili. Halafu la tatu, karibu zaidi. Nilijitupa chini, uso kwenye majivu. Nilipofungua macho niliona miguu. Miguu mitupu, midogo, imepangwa mstari.

Walikuwa wametoka wote. Vikombe mkononi, wadogo mbele kama tulivyowazoesha, wengine wakisukumana kwa mabega. Miguu yao ilikuwa imesikia mapigo matatu. Mlangoni mwalimu wa asubuhi alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuwazuia, anapiga kelele ambazo ni mimi peke yangu niliyezisikia, nao wanapita chini ya makwapa yake wakicheka. Kombora jingine lilipiga shamba la nyuma na udongo ukatunyeshea, kichwani, kwenye vikombe, kwenye sufuria. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa msichana mmoja mwenye kishimo shavuni. Jina lake kwa mikono lilikuwa hilo, kidole kwenye shavu. Alininyooshea kikombe, na kwa mkono wa pili akaniuliza: mbona umelala?

Hakuna aliyeumia. Tuliwaburuta ndani mmoja mmoja. Baadaye walinung'unika kwamba uji una mchanga.

Mchana ule, kwa mara ya kwanza, walimu wote wawili walikaa darasani pamoja, chini kwenye mbao, bila viatu. Mimi nilikuwa nasugua sufuria mlangoni.

"Tuondoe muchi," akasema mama. "Leo leo."

"Tukiondoa mchi, mabomu yataondoka? Miguu yao itasikia tu. Watasimama, watatoka."

"Basi tuwaambie bomu ni nini."

"Uwaambie kwa nini, Madamu? Kwa vidole?"

"Ndiyo, kwa vidole! Ao we unataka uwawekee mukono kooni, useme 'booomu', mupaka lifike?"

Nilicheka. Wakanigeukia wote wawili.

"Mamzeli, unacheka nini?"

"Samahani, mwalimu. Mi nikiogopa nacheka."

 Mwalimu wa asubuhi alikuwa anachezea uzi uliotoka kwenye soksi yake. Akasema taratibu, kama anayejisemea, "Lakini hawakutoka kwa sababu ya mapigo. Walitoka kwa sababu ya..."

"Uji," akamalizia mama.

Walitazamana. Sikuwahi kumsikia mmoja akimalizia sentensi ya mwenzake.

Basi uji ulihama. Toka siku ile mapigo matatu yalikuwa na maana nyingine: kimbilieni ukuta wa nyuma usio na dirisha, laleni kifudifudi, mikono kichwani. Na mimi niliingia na sufuria, nikampa aliyelala tu. Ilibidi walimu wawepo wote kwa saa moja, maana mtoto asingeelewa kwa nini asubuhi ni nje na mchana ni ndani. Mama alionyesha kwa mikono, mwalimu wa asubuhi kwa midomo. Kisha watoto wa nyuma wakawa hawaoni midomo, naye akalazimika. Alinyoosha kiganja akakishusha kuelekea sakafuni: chini. Alifanya kwa ugumu, kama mtu anayempapasa mbwa asiye wake. Watoto walicheka hadi machozi. Mama akanieleza pembeni, naye akijizuia: "Wanasema anaongea kama muzungu."

Baada ya muda wote walijua. Ukawa mchezo. Du, du, du, na wote wako chini, wananichungulia kwapani kuona kama naja na sufuria.

Wote, isipokuwa yule wa kishimo. Yeye mapigo matatu yakilia alitoka nje. Si kwa ajili ya uji; uji aliupita bila kuutazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua, mahali penye uwazi, akasimama pale amekunja magoti kidogo, tayari kukimbia. Asubuhi alirudishiwa somo kwa midomo, mchana kwa mikono. Alitazama vizuri, akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akatoka. Siku moja tulifunga mlango. Alizikwaruza mbao zake kwa kucha mpaka damu ikatoka, na baada ya hapo hatukuufunga tena. Sisi wote watatu tulijua: siku ya makombora ya kweli, mtoto huyu atakuwa amesimama uani peke yake.

Walimu wakamwita mama yake. Alikuwa anauza lengalenga, mboga za majani, kando ya barabara, akaja na beseni lake kichwani, akalishusha, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Mi ndiye nilimufundisha," akasema.

Aliketi kando ya beseni.

"Kule kwetu juu, ikianza kulia, unatoka. Unaingia mu migomba. Nyumba inakamata watu, mwalimu. Wale walibaki ndani..." Akaacha hapo. Akapanga upya mafungu ya mboga ambayo hayakuwa yameharibika. "Huyu nilimuvuta mukono. Alikuwa mudogo sana. Hakusikia kitu ingine, alisikia mukono yangu tu."

Mwalimu wa asubuhi akasema kwa upole, "Mama, hapa ni makombora. Likianguka, anayesimama nje ndiye linayemkuta."

"Na wakija na moto? Atakuwa amelala pale kwa ukuta, anangoja uji?"

Mwalimu wa asubuhi aligeuka akautazama ukuta wa nyuma.

"We mwalimu unajua mabomu," akasema yule mama. "Mi najua moto. Mutoto ni mumoja."

Ninaandika maneno haya na bado nabishana naye. Nimewahi kujaribu kumjibu peke yangu barabarani, nikitembea, watu wakanidhani nimechanganyikiwa.

Ni mwalimu wa mchana aliyeuliza: "Siku ile, dada yangu, mutoto alifuata nini? Alifuata nje, ao alifuata mukono?"

Yule mama alifikiri. "Mukono."

"Basi tusimfundishe mahali," mwalimu wa asubuhi akadakia, amesimama kabisa. "Tumfundishe mtu! Huyo mtu ataangalia ni moto au ni bomu, na yeye atamfuata."

"Mutu gani? Mi mchana niko barabarani na mboga."

Walimu hawangeweza kuwa mtu huyo. Mmoja alikuwepo asubuhi, mwingine mchana. Mtu aliyekuwa pale toka kuwasha moto hadi kuosha vikombe ni mmoja tu. Wakanigeukia wote watatu. Nilikuwa nimeshika mwiko.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa mahali. Du, du, du, na mtoto ananitafuta: jikoni, nyuma ya choo, chini ya meza ya mwalimu. Akinipata anatia mkono wake ndani ya wangu, na mimi ndiye naamua, leo ndani, leo nje. Walimu walipanga ugumu wake pamoja, kama watu wanaotunga mtihani. "Mamzeli, leo jifiche mbali." "Apana, leo ajifunike kitenge, amutafute kwa umbo." Mwalimu wa asubuhi alianza kuchelewa kuondoka, na mwenzake akaanza kuwahi kufika. Pale kwenye viatu sasa walisimama wakizungumza, mmoja kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Niliwaambia nyumbani kwamba nimekuwa mwalimu. Nilipomwambia mwalimu wa asubuhi, akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, Mamzeli. Wewe ni kifaa cha kufundishia." Lakini alitabasamu.

Na yule wa kishimo hakukosea. Alinipata kila mara. Alifika akihema, akatia mkono, akanitazama juu, shavu limeingia ndani. Nilikuwa na ndoto nyingi wakati ule, za redio, za kiatu chenye kisigino, lakini nakwambia ukweli, hakuna kilichowahi kunipa ukubwa kama mkono ule.

Siku yenyewe ilipokuja, mimi sikuwepo shuleni. Maji ya shule yalikuwa yamekatika, nikavuka barabara kwenda robine, bomba la mtaa, nikapanga bidoni langu la maji nyuma ya mabidoni ya watu. Lilianguka la kwanza juu kidogo ya barabara. Watu walitawanyika, mabidoni yakabaki yamepanga mstari yenyewe. Niliingia mtaroni. Yaliendelea kuanguka, ardhi ikinigonga kifuani kutoka chini, na kwa mara ya kwanza nilielewa wanachosikia watoto wetu.

Niliinua kichwa. Barabara yote ilikuwa miguu inayokimbia kushuka upande wa ziwa. Katikati yake niliona miguu miwili mitupu inayokuja kinyume.

Alikuwa anapanda dhidi ya watu wote. Hakutazama juu kule moshi ulikokuwa, hakutazama nyuma. Alikuwa anatazama sura za watu, moja moja, na waliolala, akiinama kuwaangalia usoni, akiwaacha. Nyuma yake alikuja mwalimu wa asubuhi, kiatu kimoja mguuni. Hakuwa anaita. Mikono yake ilikuwa juu, viganja vinashuka, vinashuka, chini, chini, chini, vizuri kabisa, bila lafudhi yoyote, kwa mgongo wa mtoto asiyegeuka.

Aliniona. Aliruka mtaroni, akatia mkono wake ndani ya wangu. Kisha akatabasamu, kishimo na yote, akanitazama akingoja sifa. Alikuwa amepata jibu. Alikuwa amefanya kila tulichomfundisha.

Hilo ndilo linalonirudia. Moshi umeondoka, kelele zimeondoka, hata hofu yangu siikumbuki vizuri. Ni lile tabasamu la mtoto aliyefaulu. Na mimi nilimpigia makofi ya sifa, pale mtaroni, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya.

Watoto wengine wote walikuwa wamelala ukutani, salama, pamoja na mwalimu wa mchana. Mwalimu wa asubuhi alikuwa amekanyaga kioo. Mama alimmiminia maji kwa birika, yeye akaosha mguu wake mwenyewe.

"Tumemufundisha vizuri mno," mama akasema mwishowe.

"Tumemfundisha kosa."

"Ni kitu kimoja, ndugu yangu."

Hakumwita Direkta. Sikumsikia akimwita hivyo tena.

Mama wa mtoto aliamua kuhama. Dada yake alikuwa Buterere, kule kaskazini kwenye mashamba ya mpunga, mbali na milima hii. "Maji inajaza nyumba," alisema, "lakini maji unaiona inakuja." Aliahidiwa nafasi kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo, iliyokuwa inahamisha familia kadhaa. Akatutazama. "Na kule Mudomo haiko. Ikianza kulia, atatafuta nani?"

Kwa hiyo walimu walikuwa na somo moja tu lililobaki, nalo lilikuwa kumwondoa kwangu.

Yule mama alianza kuja kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza, akasimama darasani na beseni lake. Du, du, du. Mtoto akampita mama yake mzazi, akaja kwangu. Walimu walibishana, na safari hii hayakuwa mabishano ya majirani wenye ua katikati. Mwalimu wa asubuhi alitaka iwe pole pole: mtoto aje kwangu, mimi nichukue mkono wake niutie kwenye mkono wa mama yake, siku baada ya siku, hadi aone njia yenyewe. Tulijaribu. Mtoto alishika mikono yote miwili, wa mama yake na wangu, akatuvuta pamoja, akafurahi.

"Kamioneti haitangoja," mwalimu wa mchana akasema. "Binti yangu, itabidi umupe mugongo."

"Hapana," mwalimu wa asubuhi akasema. "Haadhibiwi mtoto kwa kujibu vizuri."

"Haazibiwi. Anafunguliwa."

Mtu anayesikia hajui mgongo ni nini. Mtu anayesikia unaweza kumpa mgongo na bado mkaongea. Kwa watoto wetu, mgongo ni mlango unaofungwa na kufuli. Hata walipogombana wenyewe kwa wenyewe, waliogopa kugeukiana mgongo.

Du, du, du. Alikuja mbio. Nikageuka. Akazunguka akanijia mbele, akicheka, akidhani ni mchezo mpya. Nikageuka tena. Akazunguka tena. Mara ya mwisho sikusikia nyayo. Nilisikia kiganja chake mgongoni mwangu, kikipiga taratibu, kikiwa wazi, kama mtu anayebisha hodi kwa heshima. Nilikuwa nimetazama mbao za sakafu. Nilijua ufa wa kila ubao. Nikasikia beseni likishushwa na mama yake akija, na kile kiganja kikaondolewa.

Mwalimu wa asubuhi alikuwa ametoka nje. Lakini kesho yake alirudi, akachukua mchi mwenyewe, akapiga.

Kabla ya kuondoka kwao mtoto alikuwa anakwenda kwa mama yake. Anakwenda, anamshika, lakini macho yananitazama mimi. Mwalimu wa mchana akasema inatosha. Mwalimu wa asubuhi akasema macho ndiyo mtoto mwenyewe, mikono haitoshi, na ajabu ni kwamba aliyesema hivyo alikuwa yeye, aliyekataa nimpe mgongo. Hawakukubaliana. Nilifurahi kwamba hawakukubaliana.

Nimekwenda Buterere baada ya hapo, zaidi ya mara moja. Nimeuliza wanawake mashambani, nimeshika shavu kwa kidole, wakanitazama tu. Nyumba za kule mvua huzihamisha. Mtaa uliokuwepo mwaka jana mwaka huu ni maji. Sina habari yao, si mbaya wala nzuri. Nacheka na watu, natania, bado nataka redio. Lakini yako mambo ambayo miguu inayasikia kabla yangu.

Siku ya kamioneti, jambo moja walimu walikubaliana: nisionekane. Gari lilisimama barabarani mbele ya shule kupakia familia nyingine. Wote wawili walitoka kuaga. Mimi nilibaki jikoni, nyuma ya ukuta wa mabati makuukuu, na katika bati moja palikuwa na tundu la msumari. Sikuwa nimeahidi kutotazama.

Yule wa kishimo alikuwa juu ya magodoro, karibu na mama yake, amevaa gauni ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa anatafuta. Alitazama mlango wa darasa, akatazama ua, akatazama moshi wa jiko langu, akautazama muda mrefu. Mwalimu wa asubuhi alimpungia kumvuta macho, akamwonyesha kitu cha kuchekesha kwa vidole, lakini mtoto hakucheka.

Kisha dereva akawasha. Gari lilikuwa bovu, lilitetemeka lote, magodoro na watu na sufuria zilizofungwa ubavuni, na niliona mtikisiko ule ukimpanda mwilini. Akageuka. Alikishika kitenge cha mama yake kwa mikono yote miwili, akaficha uso humo.

Sijui. Labda ni somo letu. Labda gari likitikisika mtoto yeyote hushika kilicho karibu. Mwalimu wa mchana alikuwa ameinua mkono kuelekea jikoni, bila kugeuka, kunipa habari kwamba ameona.

Yule mtoto akaanza kuinua kichwa tena. Niliweka kidole gumba kwenye lile tundu, nikabonyeza, bati likiwa la moto kwa jua, na sikukiondoa mpaka ngurumo iliposhuka barabara yote ikaisha.